Pua ya Daktari wa Ng'ombe

Daktari wetu wa ng'ombe hakuwa mtu wa kumwaga dawa kabla ya kuinusa. Ilikuwa lazima afungue chupa, aipeleke puani, afumbe macho na kunyamaza kama mtu anayesali. Halafu aseme, "Ni yenyewe," ama aifunge na kuirudisha kwa mkoba bila kueleza. Alikuja kijijini kwetu Ndalu siku mbili kwa wiki kutoka Kitale, mtaa wa Tuwan, na pikipiki nyekundu yenye mkoba wa ngozi umefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Jina lake sitalitaja. Hata sisi hatukulitumia. Tulisema Daktari, na kila mtu alijua si yule wa hospitali.

Alikotoka hakusema, na mimi si mtu wa kuchokora. Nilijua ni Mwislamu, anaishi karibu na msikiti, na alifanya kazi ya mifugo ya serikali mpaka akastaafu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu. Sisi tukisema "ng'ombe imeanguka," yeye anajibu, akituita mama kwa lugha yetu, "Ameanguka, mayi. Ana roho huyo." Jirani yangu Mama Nafula alikuwa akimkosea makusudi ndio amsikie akirekebisha.

Mikono aliiosha kwa sabuni ya mche hadi kwenye viwiko kabla ya kugusa mnyama, na akimaliza anaosha tena. Aliongea na ng'ombe kwa sauti ya chini, akiwaomba ruhusa. Fahali wa mtu alishawahi kumrusha juu ya ua, akaamka, akajipangusa, akarudi na sindano. Lakini bata mzinga wangu alimshinda. Akimwona tu, Daktari anasimama juu ya kinu. "Mfungieni yule kwanza," anasema. Mama Nafula akacheka mpaka akakaa chini. "Daktari, si umpige sindano!" Akajibu, "Fahali ana akili. Yule hana."

Sasa nieleze vile vitamini iliingia kwa vichwa vyetu, maana hapo ndipo shida ilipopitia.

Nilikuwa na ng'ombe aliyezaa akabaki mifupa. Manyoya yake yalisimama kama ya mbwa mgonjwa. Daktari akamdunga vitamini B, dawa ya manjano kama mkojo wa asubuhi, kutoka kwa chupa ya kahawia. Akarudi juma lililofuata akamdunga tena. Haukuisha mwezi, ng'ombe alikuwa anang'aa mgongo mzima. Mama Nafula alimzunguka mara mbili akimpapasa, halafu akavua kitambaa chake akamwonyesha Daktari kichwa, nywele zimekatika mbele zote kwa sababu ya kusuka kwa kuvuta.

"Kama ng'ombe anang'aa, mimi nina makosa gani?"

"Wewe una kwato?" Daktari akamuuliza.

"Nina nywele. Ama nilikuwa nazo."

Alikataa. Alikataa mwaka mzima, na wanawake wakazidi kumwomba, hata mke wa mchungaji. Alisema dawa ya mnyama ni ya mnyama. Kumbe nyumbani kwake Tuwan alikuwa anampaka mke wake! Ilitoka kwa mdomo wa mke mwenyewe, tulipoenda kuwatembelea sikukuu ya Idi. Mama wa watu alisema bila kujua anamchoma mume: baada ya homa nywele zilimtoka, na mzee akawa anamchanganyia matone kwa mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe. Mama Nafula akamgeukia Daktari. Yeye akaangalia sahani yake ya pilau.

Tangu siku hiyo alishindwa kukataa. Lakini alitupa masharti kama mwalimu. Kijiko kimoja cha mafuta, matone matano, yasizidi. Usipake penye kidonda. Usimpake mtoto mchanga. Asijidunge mtu, atakayejidunga asimjue yeye tena. Na tusidanganyane. "Vitamini haioteshi nywele," alituambia tukiwa tumesimama na vichupa vyetu. "Inashika unyevu, zisikauke zikavunjika. Na ngozi hivyo hivyo, inailainisha. Hiki ni chakula, si uchawi. Anayetaka nywele ziote mahali hazikuwa, amwombe Mungu." Mtu akasema ameona mama mmoja Kitale amebadilika uso kwa wiki moja. Daktari akatikisa kichwa. "Kinachobadilisha uso kwa wiki moja ni moto, mayi. Vitamini inatembea kwa miguu."

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, karatasi za dawa sizisomi. Alikuja kunisomea mjukuu wangu, Nasimiyu, niliyemlea tangu mamake afariki. Alikuwa chuo Kitale, amepanga chumba Kibomet, anakuja nyumbani Jumamosi. Siku moja akaleta kichupa cha duka, cha kupaka uso, na kingine cha nywele, akaviweka kando ya chupa ya Daktari. Akasoma kimoja, akasoma kingine. Akapiga kelele akiniita nyanya.

"Kukhu! Ni kitu moja! Nikotinamaidi hapa, nikotinamaidi pale. Panthenoli hapa, panthenoli pale. Ati wasichana wa Nairobi wanalia wapate hii, na nyinyi mnapaka ya ng'ombe!"

"Ya duka imepimwa kwa ajili ya watu," Daktari akasema. "Ukiweza kuinunua, tumia hiyo."

"Lakini si ni B tatu na B tano, Daktari?"

"Ndiyo, ni zenyewe. Lakini chumvi ni chumvi, na bado kuna ya ng'ombe na ya mezani."

Nasimiyu alimpenda. Alimwita Kuka, babu, na si kila mzee alimwita hivyo. Yeye naye akimkuta nyumbani anauliza kwanza masomo, ndio anauliza ng'ombe.

Kilichotuokoa miaka yote hiyo ilikuwa pua. Vitamini ilibaki kidogo kidogo kwa chupa baada ya kudunga, na sisi tulikuja na vichupa vyetu vya nyumbani. Huku kwetu kichupa hakitupwi. Cha glisirini kikiisha kinawekwa mafuta taa, kikitoka hapo kinaenda dukani kupimiwa dawa ya kupe, maana mkebe mzima wa dawa ya kupe ni wa watu wenye ng'ombe ishirini. Daktari alijua hayo. Kila kichupa alikinusa kabla ya kumwagia. Mara moja alichukua cha Mama Nafula, akanusa, akatembea nacho mpaka chooni akakitupa ndani.

"Daktari! Nimekiosha mara tatu!"

"Kimelala na mafuta taa."

"Ni miezi sita iliyopita!"

"Bado kinaota ndoto zake."

Tulicheka. Na tukazoea. Hilo ndilo kosa letu, tuliacha kunusa wenyewe. Tulikuwa kijiji kizima na pua moja.

Halafu ukaja mwaka wa kile kikohozi cha dunia nzima, cha kuvaa barakoa. Daktari alilala Tuwan zaidi ya mwezi, tukasikia amewekewa hewa. Aliporudi shati lilikuwa linamwaga mabegani. Lakini mikono aliosha vilevile, ng'ombe aliwaomba ruhusa vilevile, na chupa aliipeleka puani akafumba macho. "Ni yenyewe."

Kuna jambo niliona nikalipita. Siku ile aliyorudi nilimwekea maharagwe. Yalikuwa yameungua. Nilikuwa nimeyasahau jikoni, harufu imejaa mpaka boma, hata mbwa alikataa. Nikaona aibu, lakini sikuwa na kingine. Daktari alikula yote, akaomba ya pili. "Yametulia haya, mayi," akasema. Nikadhani ni heshima. Huyu lazima ni mtu wa pwani, moyo wake ni heshima, nikajiambia, na nikamwongeza.

Jumamosi hiyo ninayoiogopa mpaka leo ilikuwa mchana, jua kali, nguo zimeanikwa. Nasimiyu alikuwa amefumua nywele, kichwa kimejaa mikwaruzo ya kucha na kitana. Daktari alikuwa amedunga ng'ombe wawili kwangu. Nikasema nipatie mtoto vitamini. Nikaingia jikoni. Kwa rafu kulikuwa na vichupa viwili vya glisirini, vinafanana kama mapacha. Kimoja nilikuwa nimekiosha kwa maji moto na majivu. Kingine nilikuwa nimepimiwa nacho dawa ya kupe, nikanyunyizia ndama, nikakirudisha. Nilichukua kimoja. Nikaona kuna kitu cha manjano chini, upana wa kidole. Nikajiambia ni mabaki ya vitamini ya juzi. Zote mbili ni za manjano. Nikakipeleka.

Daktari akafungua. Akanusa. Akafumba macho.

"Kiko sawa," akasema, akamwaga vitamini juu yake.

Nasimiyu alichanganya na maji ya kitunguu na karafuu za kusaga, vile walikuwa wanafundishana kwa simu. Jikoni kulinuka mpaka macho yakatoa machozi. Katikati ya kitunguu mimi nilisikia harufu nyingine. Nawaambia ukweli, niliisikia. Nikasema moyoni, Daktari amenusa. Mtoto akapaka kichwa chote, akavaa mfuko wa plastiki, akafunga leso juu ili joto liingie, akakaa nje kwa kigoda akichambua mboga.

Nilipotoka kuangalia, mboga zilikuwa chini na yeye amelala ameegemea ukuta. Nikamwita. Nikamtikisa. Nikampiga kofi. Kichwa kilienda upande kama cha kuku aliyechinjwa. Mikono ilikuwa baridi juani! Nikapiga nduru, Mama Nafula akaja mbio na mikono ya unga. Nikaweka sikio kifuani: moyo unapiga, unapumzika, unapumzika tena, ndio unapiga. Kila ulipopumzika mimi nilikuwa nakufa. Mtu alitubeba kwa gari la maziwa mpaka Kitale, na njia yote mkono wangu ulikuwa kifuani kwake nikiuomba huo moyo urudie, urudie.

Hospitalini muuguzi alifungua leso akarudi nyuma.

"Shosho, mtoto amepakwa nini?"

"Vitamini."

"Vitamini gani inanuka hivi?"

"Vitamini B. Daktari wa ng'ombe ametupatia."

Hiyo ndiyo nilisema. Wakati huo sikuwa nadanganya, niliamini. Walimnyoa, wakamwosha mara nyingi, wakamweka mipira na mashine. Daktari wa hospitali alisema ni dawa ya wadudu imeingia kupitia kwa mikwaruzo, na kwamba usiku huo ndio utasema. Usiku ulisema vizuri. Kesho yake mchana Nasimiyu alifungua macho akauliza kwa nini kichwa kinasikia baridi.

Niliporudi nyumbani kuchukua nguo, niliingia jikoni. Kwa rafu kichupa kilichooshwa kilikuwa kimekaa pale pale, safi, kikavu, na harufu ya majivu.

 Nilikaa chini sakafuni. Nilijua kila kitu kwa mara moja, na kitu cha kwanza kilichonijia si kwenda kusema. Ni hofu. Watasema nyanya alitaka kumuua mtoto wa marehemu binti yake. Wakwe watakuja kumchukua. Nasimiyu ataniangalia vile mtu anaangalia nyoka. Nikachukua hicho kichupa safi nikakitupa chooni, nikasikia kikigonga maji. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza.

Daktari alikuja hospitalini. Alisimama mlangoni mwa wodi na kofia yake mkononi, hakuingia.

"Ni mkono wangu, mayi," akasema. "Sijui vipi, lakini ni mkono wangu."

Mimi nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Ndalu walimmaliza kwa maneno. Ati amezeeka, ati alikuwa anatujaribisha kama panya, ati ndiyo maana yule mkewe wa pilau ya Idi alikuwa amekufa mapema. Walioomba vitamini kwa magoti walisema walikuwa wanaogopa tangu zamani. Mama Nafula peke yake alisema, "Yule mtu hawezi." Akaniangalia. Nikapepeta mahindi. Daktari hakurudi tena na pikipiki. Tukasikia mkoba ameuachia ofisi ya mifugo alikostaafu, hagusi tena mnyama, na binti yake amemchukua kukaa naye Bungoma. Msimu uliofuata nilipoteza ndama wawili, na majirani walipoteza kuliko mimi. Nilizika wale ndama bila kulia. Nilijua wamekufa kwa mkono wa nani.

Nywele za Nasimiyu ziliota. Sasa ana saluni yake ndogo Kibomet, anauza na vichupa vya duka, vile vya B tatu na B tano, anasomea wateja karatasi neno kwa neno. Ni msichana mwangalifu. Na kila mteja anayekuja na dawa ya kienyeji anamweleza habari ya yule mzee. Mwezi uliopita aliniambia amejirekodi kwa simu akiieleza, na watu wameitazama wengi.

"Nimetaja jina lake, Kukhu. Wacha wamjue. Kuna mtu anasema yuko Bungoma."

"Ni mzee sasa," nikasema.

"Si mimi pia nilikuwa mtoto?"

Siku tatu sikula. Ya nne nikavaa viatu vya kanisa nikaenda Bungoma.

Binti yake alinifungulia mlango. Ni mwanamke mrefu, mshonaji wa nguo, cherehani yake iko sebuleni. Aliponijua hakunikaribisha, alisimama tu. Sauti ya Daktari ikatoka ndani. "Nani?" Nikasema mimi ni nani. "Mpishe apite."

Amekuwa mdogo. Alikuwa amekaa kwa kiti cha dirishani, tasbihi mapajani, miguu ndani ya soksi za sufu. Akauliza, "Mtoto?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi kama mtu aliyekuwa ameishikilia miaka yote hiyo. "Wateja wa binti yangu wameonyeshwa kwa simu. Wawili wamechukua vitambaa vyao wakaenda. Simlaumu mtoto. Mwambie simlaumu."

Hapo nikasema. Sikuzunguka, nilijua nikizunguka sitafika. Nikasema vichupa vilikuwa viwili. Nikasema kile cha manjano nilikiona. Nikasema kingine nilikitupa chooni. Cherehani iliyokuwa imeanza nyuma yangu ikasimama.

Daktari akaweka tasbihi kando.

"Mimi nilidhani nimechanganya chupa zangu," akasema. "Kwa mkoba nilikuwa na ya kupe na ya vitamini. Nilidhani nimeshika hii kumbe ile. Kwa sababu, mayi, pua yangu ilikufa na kile kikohozi. Sisikii kitu. Sabuni, samadi, chakula, hakuna. Niliona aibu kuwaambia. Daktari asiye na pua ni wa nini? Nikawa nanusa kwa mazoea."

"Ulikula maharagwe yaliyoungua," nikasema. Sijui kwa nini hilo ndilo lilitoka.

"Yalikuwa yameungua?"

Binti yake alikuja mbele yetu. Macho yake yalikuwa yananitisha kuliko hospitali. "Baba amekaa kwa hiki kiti akijiita muuaji," akaniambia. "Anaamka anaosha mikono. Anaosha mpaka ngozi inatoka. Na wewe ulikuwa Ndalu unakunywa chai?"

"Ndiyo," nikasema.

"Usimgombeze," Daktari akasema. "Kila mmoja wetu alificha chake, na mtoto akawa katikati." Nikapiga magoti nimwombe msamaha, naye akanyoosha mkono kunizuia. Mkono ulikuwa mwekundu, umepasukapasuka. "Mimi si wa kuombwa kwanza. Anajua?"

"Hajui."

"Mpigie."

"Nitamwambia nikifika nyumbani, Daktari. Ana kwa ana."

"Ukifika nyumbani utapika chai, utaogopa, siku itaisha. Sikwambii kwa kukujua wewe. Nakwambia kwa kujijua mimi. Mpigie sasa, hapa."

Vidole vyangu havikupata namba. Binti yake alinichukulia simu, akatafuta, akabonyeza, akaniwekea sikioni mwenyewe. Nikasikia ikilia. Nikaomba asishike. Akashika. Nyuma yake redio ya saluni inaimba na wanawake wanacheka.

"Kukhu! Sasa? Mama Nafula anasema umeenda Bungoma, umeenda kwa nani?"

"Zima hiyo redio, toka nje ukae chini."

"Kuna nini? Kukhu, unaniogopesha bana."

"Hata mimi naogopa."

Nikasikia mlango, halafu kiti kikiburutwa kwa changarawe, halafu pumzi yake ikingoja. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nimekaa," Nasimiyu akasema.

"Si Daktari aliyekupaka sumu," nikamwambia. "Ni mimi."